Kiuno cha Thabo

Gustave alinifukuza kazi kwa kosa lake mwenyewe, kisha akawaambia akina mama wa kwaya yetu kwamba naharibu vitambaa vya watu kwa sababu sikusoma. Miaka tisa nilikaa kwenye cherehani katika duka lake hapa mtaa wa Rosettenville. Majina ya wateja siwezi kuyasoma, lakini namba za futi ya kupimia najua, na mkono wangu haukosei.

Kilichoniponza ni kilti, ile sketi nzito ya mikunjo wanayovaa wanaume wa bendi za zumari za mfuko. Mteja aliitwa Thabo, mlinzi wa ofisi moja Randburg. Alizaliwa Morogoro wakati baba yake, mpigania uhuru wa huku kusini, yuko uhamishoni, ndiyo maana anasema Kiswahili vizuri kuliko watoto wangu. Alikuwa ameanza kupiga ngoma kwenye bendi, na hiyo ndiyo kilti yake ya kwanza. Alichagua kitambaa mwenyewe, sufu nene yenye mistari ya kijani. Kile chepesi alikikataa. Alisema upepo wa mwezi wa nane ungekirusha na mambo yake yote yangeonekana.

Gustave alichukua vipimo vya kiuno kwa simu, akaandika inchi thelathini na nne. Nikashona thelathini na nne. Kilti ikaenda, malalamiko yakarudi, na mimi nikatoka na mkasi wangu.

Wiki mbili baadaye Thabo akagonga mlango wangu, kifurushi kwapani. Gaël, fundi mwenzangu wa zamani, ndiye aliyemwelekeza.

"Mama Héritière, umeniharibia," akasema kabla hajakaa. "Jumamosi tuna gwaride. Eish, wenzangu wamenicheka! Wanasema nimevaa kanga ya bibi."

Kama kweli nilikosea, basi Gustave alisema haki, na hakuna mtu atakayeniletea tena hata pindo la suruali.

"Vaa nikuone, baba."

Akaivaa juu ya suruali. Pindo lilishuka chini ya magoti, hadi katikati ya miundi. Tumbo lilikuwa limekaa juu ya mshipi kama mkate uliofura kwenye chungu.

"Kiuno chako kiko wapi?"

Akajipiga chini ya tumbo. "Si hapa?"

"Hapo ni mahali pa mkanda. Kitovu kiko wapi?"

Akacheka, akakionyesha. Nikamwambia aivute mpaka hapo kisha apige magoti. Pindo likabaki limeinuka kidogo tu kutoka sakafuni, jinsi inavyotakiwa. Urefu ulikuwa sawa kabisa! Ila huko juu mishipi ya kufungia kiunoni haikufikiana. Nikapima kitovuni: inchi thelathini na nane.

"Gustave alikupima?"

"Aliniuliza kwa simu, kiuno ngapi. Nikasoma lebo ya jinzi yangu. Mama, kwa hiyo ni mimi?"

"Wewe si fundi. Yeye ni fundi."

Kilti haipimwi pale jinzi inapolala. Gustave anajua hilo, aliona uvivu tu kumwita mtu aje.

Sikuwa nimekosea. Siku zote zile nilikuwa najiuliza usiku na mchana kama kweli macho yangu yamezeeka.

Kitambaa hakikuwa kimepungua, cha ziada kilikuwa ndani ya mikunjo. Nilifumua mikunjo yote ishirini na minne, nikaachia kila mmoja upana wa punje mbili za mchele, nusu kushoto, nusu kulia, ili mstari wa kijani ubaki katikati. Kazi ya siku tatu. Ijumaa Thabo akaivaa, ikamshika kitovuni bila kumkaba. Akapiga hatua kwenye sebule yangu mpaka vikombe vikagongana.

"Sharp, mama, safi kabisa! Sasa mimi ni mwanaume."

"Ulikuwa bibi mpaka leo asubuhi."

Palepale alimpigia Gustave, akaweka sauti ya wote kusikia. Akamweleza habari ya lebo. Gustave akakohoa. "Bon, haya, yameisha," akasema, na simu ikakatika.

Kwake yameisha. Kazi yake siitaki tena, nina wateja wangu na nalala usingizi. Lakini Gustave alinisema mbele ya akina mama kumi na saba wa kwaya, nao bado wanaamini. Ananiwia maneno machache, ayaseme mbele yao wote, kwa kinywa chake: kosa lilikuwa langu, si la Mama Héritière.