Sebule Isiyo na Moshi

Niliolewa Unyaturuni nikitokea Iramba, na kwa miaka mitatu mizima nilipika kwenye mafiga ya mama mkwe wangu kama mpishi wa kukodiwa. Mtu wa siku hizi atauliza tatizo liko wapi, ugali si ugali? Tatizo ni kwamba kwetu Iramba, katika ukoo wetu, mke asiye na mafiga yake bado ni mgeni. Siku mama mkwe anapokuletea makaa ya moto kwenye kigae na kukupangia mawe yako matatu, hapo ndipo umeolewa. Kabla ya hapo unaitwa mke kwa adabu tu. Na moto huo hauombwi. Mama alinionya kabla sijaondoka kwamba mke anayeomba moto huonekana ana haraka ya kumzika mwenye jiko. Basi nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Waliokua nami wakisikia haya watacheka mpaka washike mbavu.

Mwaka wa pili baba alikuja kunitembelea, akanikuta nimeinama kwenye moto wa mama mkwe. Mbele ya wakwe hakusema kitu. Nilipomsindikiza ndipo aliponiambia kwamba atarudi baada ya mavuno yanayofuata, na akinikuta vile vile nitaondoka naye, ng'ombe wa watu watarudishwa. "Mwenda kwao si mtumwa," akasema, akashika njia. Nilirudi polepole, maana mume wangu nilikuwa nampenda, ingawa alikuwa na vituko.

Vituko vyenyewe ni hivi. Alikwenda Singida mjini kiangazi kimoja, kukanyaga udongo na kubeba mawe kwenye nyumba ya Mzungu wa serikali. Akarudi na kofia, debe la chokaa, na neno moja jipya: sebule. Wazungu, alisema, hupika nje na kukaa ndani. Sisi tunapika ndani, tunakaa ndani, tunalala ndani, na ndama nao wamo humo humo, halafu tunashangaa kwa nini macho yetu ni mekundu. Tembe yetu ilikuwa na chumba kirefu katikati, na mafiga ya mama mkwe yalikaa hapo tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Juu yake kulikuwa na boriti na fito zilizobeba udongo wa paa, zote nyeusi tititi kwa masizi. Mume akaamua jiko litoke, kuta zipakwe chokaa, litobolewe dirisha, iwekwe meza na viti.

Nilifurahi kuliko yeye. Nilijua jiko la zamani likihamishwa, jipya litapata mwenyewe mpya, na mwenyewe atakuwa nani kama si mimi? Mama mkwe alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akasema kinacholishika paa lile ni moshi, si nguzo. Mume akasema huo ni ushamba. Mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Kazi ikaanza. Masizi ya miaka yote hiyo yaliikataa chokaa. Asubuhi ukuta mweupe, jioni umetokwa na michirizi kama uso wa mtoto aliyelia. Mume alipaka mara tatu, debe likaisha, ukuta ukabaki na rangi ya uji wa ulezi. Dirisha alilitoboa upande wa upepo, na upepo wa Singida mnaujua wenyewe. Siku ya kwanza liliingia vumbi, siku ya pili akaingia mbuzi, akala mkeka. Meza nayo aliipigilia misumari uani, kubwa ya watu sita, ilipokamilika ndipo akakumbuka kwamba mlango wa tembe ni wa kuingia umeinama. Ikabidi abomoe ukuta wa mbele siku nzima ili kuingiza meza, na kuujenga upya siku mbili. Muda wote huo mama mkwe alikuwa kivulini anachambua mlenda.

Jiko jipya lilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Siku ya kuhamia nilijifunga kanga yangu nzuri, nikasimama nangoja kigae changu. Mama mkwe akayabeba mafiga yake mwenyewe, jiwe moja moja, akayapanga kibandani, akawasha moto, akaketi. Kisha akaniambia nilete maji. Yaani mimi nimeambulia sebule ya kufagia, yeye kaondoka na moto wake! Siku hiyo nilisonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika, nikadanganya kwamba ulikuwa na ufa.

Neno lenyewe la sebule mama mkwe alikataa katakata kulitamka. Aliita boma. Enzi hizo bomani ni kwa bwana mkubwa wa wilaya, unakwenda na shauri lako, unasimama mlangoni mpaka uitwe. Basi kila akitaka kupita kwenda chumbani kwake, alisimama mlangoni, akakohoa, akauliza kama bwana anapokea watu leo. Jirani akija kumtafuta mume wangu, aliambiwa yuko bomani, na kama ana shauri alete na shahidi. Maneno yakafika hadi Sepuka. Watu wakaanza kumpigia mume wangu saluti njiani na yeye, masikini, mara ya kwanza alijibu.

Mvua zikaja, zikapita. Tukiketi mezani, unga wa udongo ukawa unashuka kwenye uji. Mume akasema ni chokaa inakauka. Nikaweka sikio kwenye nguzo, nikawasikia mchwa wanatafuna. Mchwa hawapatani na moshi. Kila mtu upande ule anajua, hata mimi nilijua, ila siku ile nilikuwa na shughuli ya kucheka. Dawa ilikuwa kurudisha moto ndani, lakini mume hakutaka kushindwa na mama yake, na mimi ningeusemaje moto mbele ya mama mkwe bila kuonekana nauomba? Tukaendelea kunywa uji wenye mchanga.

Baada ya mavuno baba akaja, kama alivyoahidi. Mume wangu alimkalisha kwenye kiti, mezani, na kibuyu cha maziwa mbele yake. Baba alizungusha macho sebule nzima akitafuta mafiga yangu, asiyaone. Akanitazama. Nikajua nguo zangu nizikunje.

Hapo boriti ikakatika. Haikupiga kelele kubwa, ilisema pu, kama mtu aliyekaa chini amechoka. Udongo wa kujaza vikapu viwili ukashuka juu ya meza, ukaingia kwenye maziwa, ukamfunika baba kichwa na mabega. Hakuumia mtu. Ila ukweni hutaji kasoro ya nyumba, hata ikikuangukia. Baba akakaa vile vile, wima, udongo mpaka kwenye kope, akauliza kama malisho ya mwaka huu ni mazuri.

Mume akajibu kwamba malisho ni mazuri sana. Bonge jingine likaanguka katikati yao.

Baba akauliza habari za maji. Mume akasema maji nayo yapo, hayajambo.

Mama mkwe alikuwa amefika mlangoni, amesimama kama mwenye shauri. Nilipomwona hasira zangu zote za miaka mitatu zilinipanda, nikasahau adabu, mama aliyenionya na baba aliyenitazama.

"Mama, naomba moto," nikasema. "Niuwashe humu ndani kabla hatujazikwa."

Baba akainamisha kichwa kwa aibu, udongo ukammwagika mapajani. Mama mkwe akageuka. Akatoka. Aliporudi alikuwa na kigae cha makaa, akakiweka chini, akatoka tena, akaleta mawe matatu ambayo sijapata kuyaona, mapya. Akawaamuru wanaume wasukume meza pembeni. Akapanga mafiga chini ya lile tundu la paa, akanisogezea kigae kwa mikono miwili.

"Huku kwetu mke hapelekewi moto asipouomba," akasema. "Ukimpelekea umemwambia aondoke jikoni kwako. Mawe haya niliyaokota mwezi ule ulipokuja. Miaka mitatu nangoja useme, nikaona basi, huyu hataki kukaa kwetu."

Nilipiga magoti kupuliza makaa. Baba akaanza kujipangusa udongo, polepole. Mume akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona nalia. Nikamwambia ni moshi, na moto wenyewe ulikuwa bado haujashika.