Mlango wa Kwedi

Dada yangu Kwedi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kwetu Wacheroki wa Amerika nyumba ni ya mwanamke, na mume akimchosha, vitu vyake hutolewa nje ya mlango, ndoa ikaishia hapo. Mwaka ule mtu mmoja wa kwetu alipoipa kila sauti ya lugha yetu alama yake ya kuandikia, Daksi, mume wa Kwedi, alizama humo mzima mzima. Akachora kwenye magome, kwenye mpini wa jembe, hata kwenye kinu changu. Akiwa amejiinamia hivyo, nguruwe wakaangusha uzio wakala nusu ya mahindi.

 Kwedi alitoa blanketi la Daksi, shoka na kiko chake, akaviweka nje.

 Nilimhurumia Daksi, maana nilimpenda shemeji yule. Kisha akaokota kaa, akaandika mistari mlangoni, akabeba vyake kwenda kwa mama yake.

"Ananitukana huyo," Kwedi akasema.

"Nikusomee, dada?"

"Thubutu. Ukinisomea uchawi huo, na wewe virago vyako nje."

Kuyafuta maandishi aliogopa. Uchawi ukifutwa, alidai, humrukia mfutaji. Basi yakabaki, na kila mpita njia akasimama, akasoma, akaenda zake akitabasamu. Hilo ndilo lililomchoma. Tena habari zikaja kwamba dada zake Daksi wamekwisha kumtafutia mke, mjane mpole wa ng'ambo ya mto, na ngoma ya mahindi mabichi, sherehe yetu ya mavuno ya kwanza, ikiisha, wataoana.

"Amchukue tu," Kwedi akasema, akiendelea kutwanga mahindi yaliyokwisha kuwa unga.

Kesho yake alinijia amenuna. "Nifundishe. Nataka nilijue tusi lenyewe, nimjibu sawasawa."

Alijifunza kwa hasira, upesi kuliko nilivyojifunza mimi. Baada ya siku chache alisimama mlangoni, kidole kikifuata alama moja moja, midomo ikicheza.

"Kwedi, paa limeoza juu ya kichwa cha kitanda chako. Gome la kuliziba bado linakauka nyuma ya nyumba. Hamisha kitanda kabla ya mvua."

Akarudia kusoma. "Matusi yako wapi?"

"Hakuna, dada."

"Sasa watu walikuwa wanacheka nini?"

"Wanakucheka wewe. Mtu unamfukuza, naye anawaza kichwa chako kisilowe."

Dada yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alijifuta macho kwa mkono wenye masizi. Akaokota kaa, akaandika chini ya maneno yale, alama zimepinda, moja kaigeuza juu chini.

"Nenda kamwambie aje asome mlango wake," akasema.

Alikuwa ameandika: "Kitanda sihamishi. Njoo."

Daksi, aliyejua kusoma kutushinda sote, alisimama pale akiyasoma maneno yale matatu mpaka mvua ikamlowesha.