Nafasi ya Salma: Miaka Yangu ya Kupima Watoto Voi

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha kupima watoto, Voi, niliingia ofisini na sweta mkononi. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka nyumbani Werugha, milimani, ambako ukungu hukaa juu ya mboga mpaka jua lipande, na nilipofika mjini mabati yalikuwa yameshaanza kulia kwa joto. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefundisha madarasa ya chini kwa muda mrefu, kisha nikapelekwa chuoni kusomea elimu ya watoto wenye ulemavu. Kazi niliyopangiwa baada ya hapo, wazazi wangu hawakujua kuieleza. Waliwaambia majirani, "Wakio siku hizi ni daktari wa shule."

Sikuwa daktari. Msimamizi wa kituo, mwalimu mrefu mwenye sauti ya chini, alinieleza hivyo kabla sijaketi.

"Mwalimu Wakio, hapa hatutibu mtu. Tunaangalia mtoto anaweza nini, halafu tunamtafutia shule."

"Sawa, Mwalimu."

"Usiseme sawa haraka. Kuangalia ni kazi ya asubuhi moja. Kutafuta shule ndiko kutakakokuchosha."

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye mkeka, meza na sanduku la vifaa: njuga, kengele ndogo, shanga za kutunga, vipande vya mbao vya rangi na kadi za picha. Tulipopima masikio, mmoja wetu alimchezesha mtoto kwa mbele, mwingine akasimama nyuma na kutikisa njuga. Mtoto akigeuka, anasikia. Akili tuliipima kwa michezo: panga rangi, nionyeshe mbuzi, mlishe mwanasesere. Wiki nyingine tulikwenda vijijini. Kasigau tulifika barabara iliporuhusu, na mara nyingi tuliwakuta wazazi wamesinzia barazani baada ya kukesha wakifukuza ndovu mashambani.

Watoto wasioona na wasiosikia walikuwa na shule zao, ingawa zilikuwa mbali. Wale waliokuwa wazito wa kujifunza tuliwapeleka katika kitengo, yaani darasa dogo ndani ya shule ya kawaida, lenye mwalimu wake aliyesomea kazi hiyo. Shida ilikuwa watoto ambao hakuna aliyejua wanafaa shule ipi.

Salma alikuwa mmoja wao. Aliletwa na mama yake, mama wa mtaa wa Kaloleni, papo hapo Voi, aliyekuwa akiuza mahamri asubuhi. Mtoto alikuwa na umri wa kuanza darasa la kwanza. Alikuwa ameshafukuzwa nasari mbili kwa sababu ya kupiga mayowe, na shule ya viziwi ilimrudisha ikisema huyu anasikia.

"Jirani wasema ana jini," Mama Salma alituambia. "Babu yake kamsomea, tumemfukizia ubani, hali ni ileile. Mie nataka kujua mwanangu ana nini."

Nilitikisa njuga nyuma ya Salma. Kimya. Nikagonga kengele, nikamwita jina. Hakupepesa hata jicho. Alikuwa amelala ubavu akizipanga shanga kwa mstari ulionyooka kama reli. Msimamizi akatoa peremende mfukoni, akaanza kuifungua karatasi taratibu akiwa kule mlangoni. Salma akainuka, akamwendea, akamfungua vidole bila kumtazama usoni.

"Anasikia vizuri kabisa," Msimamizi alisema.

Tulimwangalia kwa siku kadhaa. Maneno alikuwa nayo, ila alirudisha yale uliyomwambia. Ukimuuliza, "Wataka maji?" naye alisema, "Wataka maji," na hapo ndipo ulipojua kwamba anataka. Mwishowe Msimamizi alimwita mama akamwambia kwamba hali hiyo inaitwa otizim. Leo tunasema usonji. Alimweleza kwamba si jini, si laana, wala si malezi mabaya, na kwamba haina dawa.

Mama Salma aliuliza, "Shule je?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Palikuwa na shule ya msingi karibu na kwao, yenye kitengo. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima, akaniagizia chai, akakataa. Simlaumu. Madarasa yalikuwa yamejaa, na wazazi walikuwa wameanza kulalamika juu ya kitengo chenyewe.

"Mwalimu Wakio, wale niliowapokea wanakaa chini. Huyu nasikia anakimbia. Barabara kuu ndiyo hiyo. Akigongwa na lori, atakayeulizwa ni nani, wewe au mimi?"

Nilipanda Wundanyi kwa afisa wa elimu wa wilaya. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekusikiliza huku akitazama dirishani. "Kumlazimisha naweza," alisema, "lakini mtoto akipelekwa kwa nguvu atakaa nyuma ya darasa mpaka mama yake achoke. Nitashuka Voi. Tukae na mwalimu mkuu, na mama awepo."

Tulikaa katika ofisi ya shule. Mwalimu mkuu alieleza hoja zake, nami nikaeleza zangu. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kwa upole, "Mama, tuseme ukweli. Unafikiri mtoto huyu atafanya mtihani wa darasa la nane?"

Mama Salma alivuta leso yake mabegani. "Mwalimu, cheti sikukifuata hapa. Mwanangu hakuna anayemjua ila sisi wa nyumbani. Nikifa leo, hapa Voi hakuna atakayemwita kwa jina lake. Nataka awe na mahali ambapo siku asipofika, mtu ataulizia yuko wapi."

Afisa wa elimu alikohoa, akamuuliza mwalimu mkuu kama anaweza kumpokea kwa majaribio, muhula mmoja tu. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti moja: mama awe shuleni kila asubuhi, mlangoni, mpaka mtoto azoee. Biashara ya mahamri ikaenda kwa dada yake.

Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini, na kila kilipogongwa Salma alijiziba masikio, akapiga kelele, akakimbilia lango. Alimuuma mama yake mkono. Nilikwenda pale mara nyingi, na siku moja nilimkuta Mama Salma ameketi kwenye ngazi ya darasa, analia bila sauti.

"Twende tukapumzike nyumbani leo," nilimwambia.

"Nikimtoa leo, Mwalimu, kesho hawatamfungulia."

Mwalimu wa kitengo, Bi Mghoi, alikuwa na subira na hakupenda makelele ya watu wazima. Aliuliza ofisini kengele hugongwa saa ngapi, na kabla ya kila mlio alimchukua Salma wakaenda mbali, nyuma ya jikoni. Kila wiki walisogea karibu kidogo. Ukutani alibandika picha za mambo ya siku, moja baada ya nyingine: wimbo, shanga, uji, nyumbani. Salma alizigusa zote alipoingia. Alipojua kinachofuata, mayowe yalipungua. Hayakuisha.

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu aliingia kitengoni nikiwapo. Watoto walikuwa wakinywa uji. Salma alikuwa miongoni mwao, ameupa ukuta uso, kikombe mikononi.

"Amejifunza nini?" aliuliza.

"Amekaa, Mwalimu," alisema Bi Mghoi.

Mwalimu mkuu alimtazama mtoto kwa muda. "Basi muhula ujao aje. Na mama yake akauze mahamri yake."

Salma alisoma pale mpaka akawa msichana mkubwa. Alijifunza kuandika jina lake, kuhesabu, kwenda dukani na kurudi. Mimi nilihamishiwa Taveta, kisha Wundanyi, nikafanya kazi chini ya wasimamizi wengine, wakali na wapole, hadi nilipostaafu. Si kila mtoto niliyempima alipata nafasi. Kule Kasigau wapo niliowaacha barazani kwao kwa sababu shule yenye kitengo ilikuwa mbali mno, na nyuso zao nazikumbuka. Vijana mnaofanya kazi hii leo mna majina ya hali hizi, mna vitabu na semina. Sisi tulikuwa na njuga na miguu. Lakini naona mlango wa shule bado unafunguliwa vilevile: mtu mmoja anakataa kuondoka, na mwingine anakubali kujaribu.

Mwaka jana nilipita Kaloleni kumjulia hali Mama Salma. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Tuliongea mpaka adhuhuri. Salma, ambaye sasa ni mwanamke mzima, alikuwa pembeni akichambua mchele, na hakunitazama hata mara moja. Nilipoinuka kuaga nilikuta viatu vyangu vimeshageuzwa pale kizingitini, vimewekwa sawasawa, ncha zikielekea nje, tayari kuvaliwa.

"Ni yeye huyo," alisema mama yake.

"Ananiaga au ananifukuza?"

Mama Salma akacheka mpaka akashika ukuta. "Hilo, Mwalimu, hata mie sijalijua mpaka leo."

Nikavaa viatu, nikatoka.