Lango Lisilotaka Mkono wa Mtu

Mimi ni mtu nisiyetulia. Nikikaa kwenye kigoda dakika mbili, ya tatu nimeshainuka kukoroga chungu ambacho hakihitaji kukorogwa. Mama yangu alikuwa akinikumbusha kwamba subira huvuta heri, nami nikimjibu kwamba heri yangu basi iharakishe kidogo. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mwanamke wa namna gani aliyeolewa na fundi wa lango linalojiendesha lenyewe.

Tulikuwa tumekimbia kutoka upande wa Kivu, Zaire, tukapewa kiwanja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenye bonde ambalo kijito chake huteremka kuelekea ziwani. Mume wangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mtambo mdogo wa umeme wa shamba la chai. Alipoliona bwawa la zamani la kunyweshea ng'ombe, tuta la udongo tu lililoota majani, alilizunguka mara tatu. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Kwa vyuma alivyovitoa kwenye magari mabovu ya mjini Mbarara, alitengeneza gurudumu la maji lililozungusha mashine ya kusaga mahindi na dinamo ya lori. Dinamo iliwasha balbu moja, nayo aliamua iende kwenye chumba cha kujifungulia cha zahanati. Sisi nyumbani tuliendelea na koroboi yetu.

Fahari yake, hata hivyo, haikuwa gurudumu. Ilikuwa lango. Mahali pa kupunguzia maji ya bwawa alisimamisha bati nene la chuma lililoning'inia kwenye ekseli. Upande wa pili wa ekseli ulitoka mkono mrefu, na mwisho wa mkono kulikuwa na pipa lenye mawe kumi na saba. Ilikuwa mizani ya dukani tu: huku maji, huku mawe. Maji yakiwa chini, mawe yanashinda na lango linabaki limefungwa. Maji yakifika kwenye mstari mwekundu aliouchora, yanashinda maji, bati linainuka, na ziada inatoka kwa mfereji mpaka ziwani. Yakipungua, mawe yanalirudisha mahali pake.

"Batu bote balale," aliwaambia majirani siku ya kulijaribu. "Yeye atafungua mwenyewe, atafunga mwenyewe. Ila mutu asimuguse."

Chini ya tuta alikuwa akiishi mjane mmoja, mzee kuliko sisi sote, aliyefika Nakivale kutoka Rwanda miaka mingi kabla yetu. Tulimwita Mukecuru, kama wanavyoitwa akina mama wazee huko. Alikuwa na shamba la viazi vitamu, na hakuwa na kitu kingine. Alilitazama lango, akamtazama mume wangu.

"Na siku itakataa?"

"Ikikataa, ni miye nimekosa hesabu. Mukuje kwangu."

Mwaka huo mvua zilikuja kwa kuchelewa. Ya kwanza ilinyesha siku mbili, bwawa likajaa, lango likafunguka kama lilivyoagizwa, nami nikasimama kwenye tuta nikiangalia maji mazuri yakienda zake. Sikuweza kustahimili. Wiki tatu baadaye jua lilikuwa limeyanywa yaliyobaki, gurudumu likasimama, balbu ya zahanati ikazimika, na wanawake wakaanza tena kubeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali. Walipita mbele ya nyumba yangu, na wengine hawakunisalimu. Nikamwambia mume wangu aongeze mawe ili bwawa lihifadhi zaidi. Akasema mstari umewekwa pale kwa sababu tuta ni la udongo, na udongo hauna huruma. Nikasema sawa. Sikuwa nimekubali hata kidogo.

Mawe mazito ni adimu katika bonde lile la mchanga na matope. Yale kumi na saba aliyaleta mwenyewe kutoka mlimani. Kwa hiyo, siku alipokwenda zahanati kukaza nyaya, nilichukua jiwe zito nililokuwa nalo, figa langu moja la jikoni, jeusi kwa masizi upande mmoja. Nikatoa mawe ya pipa, nikaliweka chini kabisa, nikayarudisha mengine juu yake. Nyumbani nikaweka kipande cha rimu ya lori mahali pa figa na kumwambia mume wangu kwamba lile limepasuka. Tangu siku hiyo chungu changu kilikaa upande na maharage yaliungua upande mmoja. Alikula bila kulalamika, ila alikuwa akikitazama kile chungu.

Mvua ya pili ilipokuja, maji yalipanda shubiri nzima juu ya mstari mwekundu kabla bati halijainuka. Mashine ilisaga wiki baada ya wiki. Wanawake wakanisalimu tena, na mmoja alisema mume wangu ana akili nyingi kuliko serikali. Nilifurahi mno. Niliona nimelisaidia lango, maskini, ambalo halikuwa na macho ya kuona shida za watu.

Mume wangu hakufurahi. Alichuchumaa mbele ya mstari wake, akapitisha kidole kwenye alama ya matope iliyobaki juu yake.

"Ekseli iko nashika," alisema. "Inaomba girisi na bushi mupya, zile pete za kushikilia ekseli. Uende Mbarara mbele ya mvua kubwa ifike. Miye nabakia hapa nachimbua matope ya mufereji."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno hata msibani, uliuliza bei ya girisi. Ningesema nini? Kwamba sifa zile zote zilikuwa za figa? Nikajiambia kwamba nikirudi nitalitoa kimyakimya, na girisi itachukua sifa. Nikapanda lori la mkaa kupitia Isingiro.

Nilifika Mbarara Ijumaa, karibu na saa sita. Muuza vipuri tuliyemzoea alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyeishi nyuma ya duka lake, na nilimkuta anafunga milango kwenda kuswali. Mkewe akanivuta ndani na kunimiminia chai, akiniita nyabo, yaani bibi, kama wanavyoita watu wa huko.

"Kaa kwanza, nyabo. Duka nafunguliwa baada ya swala ya Juma."

Nilikaa. Nikainuka. Nikaenda uani, na kule upande wa Isingiro nikaona wingu jeusi limelala juu ya vilima vyote, pana, bila mwanya. Upepo ukaleta harufu ya mvua. Chai ilikuwa na tangawizi, ninayoipenda, lakini sikuimaliza.

"Nani mgonjwa nyumbani?" aliniuliza yule mama.

"Hakuna mgonjwa."

"Basi mbona umeinuka mara sita?"

Alikuwa amehesabu. Nilimwambia nawaza safari. Mumewe aliporudi nilinyakua kopo la girisi na zile bushi bila hata kuulizana habari za nyumbani, jambo la aibu kwa watu walionikirimu, na nikatoka mbio. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka mjini. Kule kwetu ilikuwa inamwagika. Kwenye kituo hapakuwa na gari la upande wetu; madereva waliitazama mbingu na kutikisa vichwa. Basi nikaanza kutembea.

Kwenye kizuizi nje ya mji askari mmoja alininyooshea mkono. Alinusa kopo, akachovya kidole.

"Hii nini? Nakwenda wapi na hii, peke yako, mvua nakuja?"

"Ni girisi, afande. Ya lango la bwawa."

"Bwawa gani? Nani natuma wewe?"

Sijui kama ilikuwa bunduki yake au ile saa nzima ya kungoja. Nilimwambia yote. Lango, mizani, mstari, figa, uongo wa figa, Mukecuru na viazi vyake. Nilimwambia kwamba tuta likikatika ni mimi, na kwamba mume wangu alikwishawaambia watu waje kwake. Nililia mbele ya mtu mwenye silaha kwa ajili ya jiwe la kupikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaifuta girisi kwenye suruali yake.

"Nyabo, hii maneno ni ya kuambia mzee yako. Mimi si mzee yako."

Kisha akasimamisha lori lililokuwa linarudi tupu kufuata ndizi na kumwamuru dereva anibebe. Lori lilinasa matopeni mara mbili. Nilifika nyumbani kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Maji yalikuwa yamepita juu ya tuta kabla lango halijafunguka vya kutosha, yakala kona moja na kushuka moja kwa moja kwenye shamba la Mukecuru. Hakuna mtu aliyekufa. Lakini matuta ya viazi yalikuwa yamesawazishwa kabisa, na jiko lake, kibanda kidogo cha nyasi, halikuwepo. Majirani walinieleza kwamba mume wangu aliingia majini mpaka kifuani na kuanza kutupa mawe kutoka kwenye pipa, moja moja, hadi pipa likawa tupu na lango likafunguka lote. Bila hivyo tuta lote lingekwenda.

Niliwakuta watu wamekusanyika pale juu. Mume wangu alikuwa amesimama katikati, nguo zimemkaukia mwilini.

"Nilisema ikikataa ni miye," alisema. "Imekataa. Hesabu yangu ilikosa. Munisamehe."

Hakuna aliyemtukana, na ingekuwa afadhali wangemtukana. Waliamua lango lifungwe kwa waya, likae wazi siku zote. Maana yake hakuna maji, hakuna mashine, hakuna balbu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeusokota ule waya. Nilisimama nyuma ya watu na kopo langu la girisi, na sikufungua mdomo. Najiona pale hata leo, na sijipendi.

Tulirudi nyumbani. Niliingia jikoni kuwasha moto nikakuta mafiga yangu ni matatu. Rimu ya lori ilikuwa imewekwa kando ya ukuta. Figa jeusi lilikuwa mahali pake pa zamani, limeoshwa na mafuriko, ila masizi yalikuwa bado yameng'ang'ania upande ule mmoja.

Alikuwa amesimama mlangoni.

"Leo chungu haitapinda," alisema.

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Weye ungeenda kuishi na nani hapa, kama bamama bote banajua?" Akaisogeza rimu kwa mguu. "Wakati maji ilipita juu, nilizania yote niliyojifunza ni uongo. Yote, tangu Kivu. Nikatupa mawe kumi na saba nikizania vile. Kisha nikaikuta ile."

Alikwenda kulala, na mimi nilibaki nikilitazama lile figa. Nilikuwa nimemfanya mtu atilie shaka mikono yake mwenyewe, halafu yeye akanirudishia jiwe langu.

Asubuhi nililitoa, nikaliweka kichwani juu ya kata ya nguo na kushuka bondeni. Mukecuru alikuwa anachimbua kwenye tope akitafuta viazi vilivyobaki. Alikuwa na kapu, na ndani ya kapu vilikuwamo vitano. Nililiweka jiwe chini mbele yake na kumweleza, safari hii bila kulia. Nilimwambia lango halikukosa, wala aliyelijenga.

Alinitazama muda mrefu sana. Nilitamani kuinama nimsaidie kuchimba, nishike kitu, nifanye lolote. Hakunipa ruhusa hiyo.

"Utasema hivi mbele ya batu bote?"

"Leo jioni."

Nilisema kweli jioni ile, na waya ukakatwa, na mawe yakarudi kumi na saba, wala si kumi na nane. Wapo waliokaa mwezi mzima bila kunisalimu. Lakini hilo lilikuwa jepesi kuliko asubuhi ile.

Asubuhi ile, aliposikia jibu langu, Mukecuru aliligusa jiwe kwa mguu, akaligeuza upande wa masizi.

"Yangu moja ilienda na maji," alisema. "Leta hapa."

Mafiga yake mawili yalikuwa yamebaki kwenye tope, hayana paa juu. Nililisukuma la kwangu karibu nayo mpaka aliposema basi. Akaosha viazi vitano, akavitia kwenye chungu na kukiteleka. Kilikaa sawa.

"Kaa," aliniambia.

Kuni zilikuwa mbichi na moto ulikuwa wa moshi. Nilikaa mpaka vikaiva.