Mabega ya Winchi

Mafundi wenzake walimwita Winchi, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi vioo tangu ujanani. Kioo ambacho wengine walikiinua wawili huku wakigombana, yeye alikibeba peke yake akipiga mluzi. Alipovuka miaka sitini hakuwa na sukari wala presha, na hospitali alikwenda kuwaona wengine tu.

Kwa hiyo siku mkono wake wa kulia ulipokataa kufika rafu ya juu, alidhani amelala vibaya. Wiki zikapita. Mkono haukuuma hata kidogo. Ulipanda mpaka usawa wa sikio, ukaanza kutetemeka, kisha ukashuka wenyewe kama umechoka kumsikiliza. Wa kushoto nao ukafuata. Winchi akajikaza kisabuni. Makopo ya gundi aliyahamishia rafu ya chini, na mkewe alipomwomba ateremshe sanduku juu ya kabati, alijidai anatafuta miwani.

"Miwani umeivaa," mkewe akasema.

"Natafuta ile nyingine."

Mkewe alicheka, lakini hakulirudia ombi.

Bintiye, aliyefanya kazi naye, hakujua lolote. Walipopata kazi ya kuweka kioo kikubwa katika dirisha la ngazi za jengo la ofisi, alitaka waongeze mtu.

"Baba, tumwite yule jirani. Kioo hiki ni kizito."

"Kizito kwako. Mimi nimeweka vioo kabla hujaota meno."

Wakapanda jukwaa la mbao wawili tu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: Winchi akishikilie kioo kwa juu, mikono imenyooka kupita kichwa, huku bintiye amechuchumaa chini yake akiingiza ukingo kwenye fremu. Mwanzo kilikwenda vizuri. Kisha mpira wa fremu ukajikunja, na binti akaanza kuuchokonoa kwa bisibisi.

"Umeshika, baba?"

"Nimeshika."

Alikuwa anadanganya. Joto lilikuwa limeanza shingoni na kuteremka hadi viwikoni. Vidole vilikuwa imara. Ni mabega yaliyokuwa yakilegea. Jasho likamwingia machoni, na hakuwa na mkono wa kulifutia. Chini yake aliona utosi wa mwanawe na shingo yake iliyoinama. Chini zaidi, mama wa usafi alikuwa anapiga deki ngazi.

Kioo kikashuka upana wa ukucha.

"Baba, usikisukume."

Kukiri kwamba ameshindwa kulikuwa kuzito kuliko kioo chenyewe. Kikashuka tena.

"Toka hapo chini, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Bado kidogo tu, unakaribia kuingia…"

"Toka! Siwezi tena!"

Binti hakuwahi kumsikia baba yake akisema hivyo. Aliviringika pembeni, akampigia kelele mama wa usafi, naye akatupa tambara la deki na kukimbilia ukutani. Winchi alikuwa amekibana kioo kwa kifua na paji la uso. Alipomwona mwanawe yuko salama, akarudi nyuma.

Kilipasuka kwa kishindo kilichofungua milango ya ofisi zote. Baada ya hapo vipande viliendelea kudondoka ngazi kwa ngazi, polepole. Hakuna aliyeumia.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Muda."

"Na ukaniacha nikae chini yako?"

Winchi alianza kuokota vipande. Jioni ile binti alimweleza mama yake yote.

Mkewe ndiye aliyempeleka kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mpole aliyemwinua mikono huku na huku na kumwambia asukume kiganja chake.

"Mabega yako ni mazima, mzee wangu. Hakuna kilichochanika."

"Sasa nguvu zimekwenda wapi?"

"Na miaka. Misuli hupungua hata kwa mtu asiyeumwa. Kushika kitu juu ya kichwa ndiko kunakoonyesha hilo mapema."

Winchi aliinamisha kichwa. Angependelea ugonjwa, ugonjwa hupona. "Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Nani kasema? Ujana haurudi, lakini ukifanya mazoezi, nguvu kiasi zitarudi. Ila usibebe peke yako."

Akampa utepe wa mpira wa kuvuta asubuhi na jioni. Aliuvuta kila siku, akinung'unika, mkewe akimsimamia kama askari.

Kioo kipya walikwenda kukiweka wanne, pamoja na yule jirani, aliyekuja na kaka yake. Winchi alibaki chini ya ngazi kuzuia wapitanjia. Kila kioo kilipoyumba, mikono yake ilinyanyuka yenyewe hewani, naye akairudisha mifukoni. Dirisha lilipokaa sawa, binti aliteremka, akasimama kando yake.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua, mama."

"Njoo basi ulikague. Wale hawajui kupaka gundi."

Winchi akachukua kopo, wakapanda pamoja.