Wanataka Niseme Marehemu Bwana Yangu Iko Muzima

Admini, jina langu ulifunike vizuri, maana muji wetu wa Kindu ni mudogo na mudomo wangu wanaujua. Miaka yangu siijui sawasawa, imepita makumi sita, karatasi sina. Shule sikuingia hata siku moja. Ninasema, jirani yangu mwalimu anaandika, na nimemukataza kunipambia maneno. Nina bwana, nina watoto na wajukuu, ninalima mupunga wangu. Shida yangu inatoka kwa bwana wa kwanza, ule aliyekufa.

Tumwite Salumu. Alikuwa karani wa serikali, kwenye biro, ofisi ya kilimo. Vita ilipoingia muji, tulivuka mto na mutumbwi tukaingia pori, binti yetu mugongoni kwangu. Homa ikamukamata Salumu. Siku ya tatu akanyamaza. Wanaume walikuwa wamekimbia mbele, basi nikamuosha mwenyewe na maji ya kijito. Sanda haikuwako, nikamufunga na kitenge changu cha harusi. Tukachimba na panga, mimi na wifi yangu. Nikaanza eda palepale, chini ya majani, miezi mine na siku kumi. Askari wakatufikia, watu wakakimbia tena, na mimi nikakimbia na eda yangu. Kwa hiyo muntu asinifundishe habari ya kufa kwa Salumu. Karatasi yake ya kufa njo mimi.

Vita ikaisha, nikaolewa na fundi cherehani, muntu muzuri, mugonjwa wa magoti na mwenye maneno mengi. Binti akasoma, akamaliza, akakaa nyumbani. Ninyi munajua: huku bila mukubwa wa kukushika mukono, hata ufagio wa biro haupati. Mwaka jana onorable mumoja, mubunge wetu, akamutolea barua, binti akaingia biro ileile ya baba yake. Nilifurahi! Wakati wa kampeni nilimuchezea ule onorable, nimevaa kitenge chenye sura yake, mbele na kwenye makalio.

Wiki ileile shefu wa biro akafika nyumbani na karatasi na wino. “Mama, weka kidole hapa, dosie ya binti, faili lake la kazi, ikamilike.” Nikaweka. Nikamupa na chai, mujinga mimi.

Mwezi uliopita nikamupelekea binti chakula cha mchana kazini. Nikakuta wanaita majina ya watumishi kwenye kiwanja. Wakaita Salumu, na jina la baba yake, na la babu yake. Nikaweka sahani chini. Jamaa mumoja mwenye kofia ya chama akajibu, “Prezan!”

Nikamuendea. “Wewe, Salumu wa wapi?”

“Bibi, mimi ninamupokelea tu. Salumu ni baba yangu, iko mugonjwa kule Lokandu.”

“Baba yako? Basi mimi nilikuzaa lini, na nani alinishika mukono siku ile?”

Watu wakacheka. Binti yangu hakucheka. Akanivuta nyuma ya nyumba analia. “Mama, nyamaza. Hakuna aliyeleta habari ya kufa kwa baba, namba yake ya kazi ilibaki hai, mushahara unatoka. Shefu aliipa ule jamaa, ni mukubwa wa vijana wa chama cha onorable. Na karatasi uliyoweka kidole inasema baba iko muzima, na ule ni mutoto wenu.”

Nikamuuliza, “Ulijua siku ile?” Akaangalia chini.

Sasa watu wa kontroli, wakaguzi, wanatoka Kinshasa, Jumatatu watapita kwa kila jina, na kwa jina la Salumu wataniuliza mimi, muke wake. Shefu amerudi kwangu, safari hii hakukaa. “Mama, neno moja tu: iko Lokandu, mugonjwa. Binti atabaki kwa kiti chake. Ukisema kingine, barua yake inakufa, na kidole kile ni chako, si changu.”

Nikamuambia, “Baba shefu, kama unamutaka muzima, nenda ukamufukue wewe mwenyewe, umukalishe kwa meza.” Akatoka bila kuaga.

Mume wangu alisikia yote kwenye cherehani yake. “Mama, kama Salumu iko muzima, mimi niko mugeni wa nani humu ndani? Na wewe una wanaume wawili?” Tukacheka mpaka machozi. Halafu akaacha kukanyaga cherehani. “Eda uliyokaa porini, utaifuta mbele ya Mungu? Na ndoa yetu tuiite nini, zinaa?”

Jana binti akakuja na watoto wake watatu, akapiga magoti mbele yangu, mutoto niliyemubeba kwenye risasi. “Mama, baba alikwisha kufa, haumii tena. Mimi njo ninaumia. Nikitoka kwa kazi hii, nani atanipa barua ingine?” Nilimukasirikia, nikamuinua, nikamupangusa pua kama zamani. Hasira yangu na huruma yangu vinakaa nyumba moja, hakuna kinachohama.

Wanangu, wataniuliza mambo mawili tu: alikufa ao iko muzima? Nikisema alikufa, ninamufukuza mutoto wangu kwa kazi na mudomo wangu mwenyewe, na pengine kwa kidole kile watanifunga. Nikisema iko muzima, ule mwanaume niliyemuosha kwa mikono hii nitakuwa nimemunyima hata kufa.

Musiniambie “bibi, vumilia”, kuvumilia ninakujua kuwapita wote. Na musimutukane binti yangu, ukimutukana nitakutafuta. Ninataka muntu mumoja aliyesimama mbele ya swali kama hili, mutoto wake akimuangalia usoni. Uniambie: wewe ulijibu nini, na ule mutoto aliendelea kukuita mama?