Picha ya Bitana

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, saa tatu kamili asubuhi, ukurasa wa mtandaoni uitwao Nguo Ina Mwenyewe ulitoa habari mpya. Chapisho lenyewe halipo tena, lakini waliolipiga picha kabla halijafutwa wanayo tarehe na saa yake mpaka leo.

Mwandishi wake hakuwa kwenye simu. Alikuwa kwenye cherehani, anabadilisha zipu ya sketi, na simu yake ilikuwa ndani ya kopo la vifungo, sauti imezimwa. Ndivyo alivyojizoeza. Habari anaiandika katikati ya juma, anailaza, anaisoma kwa sauti huku akipiga pasi, kisha anaipanga ijitume yenyewe Jumamosi, watu wanapokuwa na nafasi. Maoni anayajibu baada ya chakula cha mchana, moja moja, na mwenye matusi anamjibu kwa adabu au hamjibu kabisa.

“Ukikaa kuchungulia nani kapenda na nani kanuna,” huwaambia wanaomwuliza amepataje wasomaji wengi hivyo, “utajishona kidole.”

Mtaani anaitwa Mama Bitana, kwa sababu nguo yoyote akipewa huigeuza kwanza ndani nje, aione bitana, kitambaa cha upande wa ndani. Anaandika kuhusu nguo anazorekebisha na maisha yaliyozichakaza. Sura ya mteja haipigwi picha. Jina halitajwi, kazi haitajwi. Na kama mwenye nguo anaweza kujitambua, anasomewa habari nzima kabla haijatoka. Akikataa, inafutwa.

Habari ya Jumamosi hiyo ilianza hivi: “Suti ikirudi kwa fundi kupunguzwa kwa mara ya tatu, si suti iliyokosea.” Aliufupisha mstari huo kwa makusudi, maana simu hukata maneno mapema na msomaji asiponaswa hapo anapita zake. Mwenye suti, mwalimu wa kwaya ya mtaa, alisomewa yote akiwa amesimama mbele ya kioo, mikono ameinua, futi ya kupimia ikimzunguka kifua.

“Toa tu,” alisema. “Umeandika vizuri kuliko daktari alivyoniambia.”

Daktari alikuwa ameona uvimbe kwenye kongosho. Mwalimu hakumwambia mtu ila fundi wake. Na fundi alikuwa ameshahisi mwenyewe, kwani kiuno hakimdanganyi mwenye futi. Ombi la Mwalimu lilikuwa moja: binti yake wa pekee, anayesoma sheria mji mwingine, asijue mpaka amalize mtihani wa mwisho. Mtihani huo ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo, saa nane mchana.

Saa sita na nusu ilikuwa imepita kidogo wakati mdogo wake Mama Bitana, msusi wa saluni ya mlango wa pili, alipoingia mbio, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele.

“Dada, simu yako iko wapi?”

“Kwenye vifungo. Kuna nini, umeunguza mtu?”

“Itoe. Soma maoni.”

Akaitoa. Chapisho lilikuwa limesambaa kupita yote aliyowahi kuandika. Watu walikuwa wanalia, wanaombea, wanasimulia baba zao. Katikati ya hayo mwanamke mmoja alikuwa ameandika: “Jamani, hiki kitambaa si cha lile gauni la marehemu? Mwenye macho aangalie vizuri.” Chini yake wengine walikuwa wanajibu kwa kuitana.

Mama Bitana akaipanua picha. Alikuwa ameipiga baada ya Mwalimu kuondoka, akiona haina hatari, kwani ilionyesha upande wa ndani wa koti tu. Bitana ilikuwa ya maua ya zambarau. Mwalimu mwenyewe alileta gauni la marehemu mkewe akaomba likatwe, alivae kifuani. Katika picha zote za nyumbani kwake, mama huyo amevaa gauni hilo.

Maneno alikuwa ameyachuja neno kwa neno. Kitambaa akakisahau, yeye ambaye humtambua mteja kwa shati kabla hajamwona uso.

“Binti yake anakufuata?” msusi aliuliza.

“Tangu mwanzo kabisa.”

“Basi mjibu huyo mwanamke. Mwambie si hicho, kitambaa kama hicho kipo kila duka.”

“Nimwongopee mbele ya watu wote hao?”

“Saa hizi unachagua? Mtoto anaingia kwenye mtihani!”

Mama Bitana alifuta chapisho. Alijua tayari kuna waliolihamishia kwenye magrupu yao, na kwamba hata kufuta kutazua maneno. Akampigia Mwalimu. Simu iliita mpaka ikakata. Akarudia. Jumamosi, tangu asubuhi, Mwalimu huwa ukumbini nyuma ya posta na kwaya yake, na akifundisha hapokei hata akipigiwa na nani.

Alikuwa anavaa viatu simu ilipolia mkononi mwake. Namba ngeni.

“Shikamoo, Mama Bitana.” Alikuwa binti wa Mwalimu.

“Marahaba, mwanangu.”

“Lile gauni la mama. Ile suti ni ya baba?”

Msusi aliyekuwa amesogeza sikio alitikisa kichwa kwa nguvu: kataa. Neno moja lingetosha. Binti angeingia kwenye chumba cha mtihani ametulia, na jioni baba yake angemwambia mwenyewe, kama alivyopanga.

“Nguo ya mteja siisemi, mwanangu. Muulize baba.”

“Hapokei! Nimempigia asubuhi nzima. Mama, kama si yake sema tu si yake. Mbona ni rahisi?”

Ilikuwa rahisi kweli. Mama Bitana alikuwa ameshatoka nje, anatembea kwa kasi, futi ikimning’inia shingoni na tondoo ya kushonea bado iko kidoleni.

“Usikate,” alisema. “Kaa hapo hapo ulipo. Nakupelekea baba yako.”

“Una maana gani unanipelekea?”

“Usikate tu.”

Alipita posta akikimbia. Mwenye duka la vyombo alimtania kwamba leo mteja kakimbia na suruali, naye hakugeuka. Kila mara aliisogeza simu sikioni kuhakikisha bado kuna anayepumua upande wa pili.

Ukumbini waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wanaimba. Mwalimu alikuwa ameupa mlango mgongo, shati limemlegea mabegani. Alipogeuka akaona simu iliyonyooshwa, aliishusha mikono polepole, na kwaya ikanyamaza safu moja baada ya nyingine.

“Ni binti yako,” Mama Bitana alisema. “Ameiona bitana kwenye picha. Sikumwambia kitu.”

“Picha? Mimi ulinisomea maneno.”

“Nilikusomea maneno. Picha sikukuonyesha. Kosa ni langu, Mwalimu. Hasira zako utanipa baadaye, yeye ana saa moja tu.”

Mwalimu aliitazama simu kama mtu anayepewa chuma cha moto. Kisha akaichukua.

“Mama,” alimwita binti yake, kama anavyomwita tangu akiwa mdogo. “Ndiyo. Ni suti yangu.”

Wanakwaya wakatazama sakafu. Mwalimu alisikiliza. Aliutaja ugonjwa kwa jina lake, na siku ya kurudi hospitali. Halafu akasema, “Hapana, usipande basi. Nitakuwepo kesho, na keshokutwa pia nipo. Ingia kwanza ukaandike.” Akasikiliza tena. “Haya. Lia kwanza, kisha uingie.”

Alimrudishia fundi simu bila kumtazama, akageukia kwaya yake na kuinua mikono. Waimbaji walianza bila kungoja ishara.

Binti aliingia kwenye mtihani. Aliandika vipi, hata yeye mwenyewe hajui. Jumapili alipanda basi la kwanza.

Mama Bitana aliweka maneno machache ukurasani: kwamba chapisho la Jumamosi ameliondoa kwa kosa lake, na anawaomba waliolisambaza walifute. Kwa sasa ukurasa umepumzika; ukirudi, mwenye nguo ataonyeshwa na picha pia. Suti ya Mwalimu imeisha, inaning’inia nyuma ya mlango, imegeuzwa bitana ndani. Itachukuliwa Ijumaa, na binti amesema atakuja kuichukua mwenyewe.